Neno la Kushika

Kuna harufu ambayo wageni huikunjia pua, lakini sisi tuliozaliwa huku Kigoma juu hatuioni kuwa uvundo: harufu ya mihogo iliyolowekwa siku tatu nne ikaanza kulainika. Ni chachu, nzito, na hukaa kooni kabla ya kukaa puani. Juzi jirani yangu hapa Kasulu mjini alikuwa anaopoa mihogo yake kwenye pipa, upepo ukaileta harufu ile hadi barazani kwangu. Nilikuwa nimemshika mwanangu mkono. Sikujua kama namfinya mpaka alipopiga kelele, na nilipomwachia nikaona alama nne nyekundu za vidole vyangu kwenye kiganja chake. Nikamwomba radhi mtoto wa miaka miwili, ambaye hakuelewa anaombwa radhi ya nini. Ninyi nitawaeleza.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kata, Rungwe Mpya. Nyumbani tulizungumza Kiha. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na wengi wetu tulikivaa kama kiatu cha kuazima, kinabana huku na kupwaya kule. Halafu ghafla, ndani ya Januari moja, kila kitu kikawa Kiingereza, hata panzi, hata mizizi ya maharage tuliyokuwa tukiipalilia tangu tujue kutembea.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Nukta, kwa sababu kila alipomaliza kusema jambo aligonga meza kwa kidole kimoja, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuongeza neno. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Tulimwogopa kwa ule upole wake kuliko tulivyowaogopa waliokuwa wakifoka.

Kila Ijumaa alasiri Nukta aliingia na kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi. Mwanafunzi mmoja alitumbukiza mkono akatoa kimoja. Kila kikaratasi kilikuwa na neno moja la Kiingereza, na aliyelitoa alipaswa Jumatatu kusimama paredi mbele ya shule nzima aeleze mambo matatu: neno lina maana zipi, limezaliwa wapi, na litumike katika sentensi. Aliyeshindwa alikula fimbo nne, akavikwa shingoni kibao cha mbao chenye maandishi mekundu ya kumtangaza mvivu, akatembea nacho wiki nzima, mpaka kisimani, mpaka kanisani.

Rafiki yangu Skola alikivaa kibao hicho mwezi wa pili. Siku ya tatu alikificha chini ya sweta, akagunduliwa, akaongezewa wiki. Siku ya saba hakuja. Nilipomfuata kwao nilimkuta anamenya mihogo, akaniambia bila kuinua uso, "Mimi nimemaliza shule, Editha." Baba yangu alipopata habari hiyo alitikisa kichwa, akasema nami nikirudi na ubao shingoni basi itakuwa ni dalili kwamba shule si yangu, nibaki nimsaidie mama kazi. Baba hakuwa mkali. Ndiyo maana nilijua hatanii.

Sasa fikirieni Ijumaa ile Nukta alipolisogeza kopo mbele yangu. Nilivuta kikaratasi, nikakikunjua, nikaona herufi zimepangana kama siafu: tenacious. Nililisoma moyoni "te-na-ki-o-usi". Msinicheke. Sikuwa nimewahi kuliona hata siku moja.

Shule ilikuwa na kamusi moja, kubwa kama tofali la kuchoma, nayo mchwa walikuwa wameingia kabatini likizo ya Desemba wakaanza kuila kutoka nyuma. Walikula Z, wakala W, wakaendelea kwa utulivu wa mchwa hadi walipofika kwenye S ndipo mtunza vitabu alipowafumania. Neno langu lilikuwa limeshamezwa. Nilirudi nyumbani, nikashindwa kula, na mama alipouliza nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja huku nalia.

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa akiuza unga wa muhogo kwenye soko lililokuwa jirani na kambi ya Wakongo, ambako wakimbizi na wenyeji walikutana kuuziana. Alinisikiliza, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, "Kule sokoni kuna mama mmoja, Maman Odette. Alikuwa mwalimu kwao kabla ya vita. Kesho twende wote."

"Na Zeki?"

Zeki ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka sita na alikuwa amenyoa kipara kwa ajili ya mapunye. Mama alimtazama, akaguna. Bibi alikuwa mgonjwa na baba alikuwa shambani kwa mtu. "Naye atakuja," mama alisema. "Miguu anayo."

Tulitoka alfajiri, mama amejitwika unga, mimi na Zeki nyuma yake. Tulishuka bonde, tukavuka mto kwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba, maji yakiwa chini kabisa, meupe juu ya mawe, hata Zeki akaomba asimame katikati ateme mate ayaone yakienda. Kisha tukapanda, tukaupita msitu mrefu. Msituni mama hakuzungumza. Wiki mbili nyuma majambazi walikuwa wamewateka wenye baiskeli mahali pale, wakawavua mpaka viatu, na mmoja walimpiga risasi ya paja. Tulitembea haraka, na kila tawi lililovunjika lilinifanya nijikojolee kidogo, jambo ambalo nimewaficha watu wengi hadi leo.

Maman Odette alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Alikuwa akiuza vitenge. Mama alipomweleza shida yetu, alicheka mpaka miwani ikashuka.

"Mwalimu gani anapatiaka mutoto neno kama hii? Kuja hapa, binti. Leta karatasi." Akakisoma kikaratasi, akalitamka vizuri kabisa, kisha akalitamka tena kwa namna nyingine. "Kwetu kwa Kifaransa tunasema tenace. Ni ndugu. Mama yao ni mumoja, Kilatini. Masista walitufundisha: tenere. Kushika."

"Kushika tu?" niliuliza. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi.

"Kushika na hapana kuachilia. Sikia tofauti. Kukamata ni kazi ya dakika moja. Hii ni kazi ya kuendelea." Alinipa mfano mmoja baada ya mwingine, nami nikaandika mpaka kalamu ikachimba karatasi. Udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu, huo ni tenacious. Doa la mawese kwenye nguo nyeupe. Homa inayokataa dawa. Kichwa cha mtu asiyesahau alichoambiwa miaka kumi iliyopita. Mtu anayeanguka akaamka, akaanguka akaamka.

"Kwa hiyo ni neno zuri," nilisema.

"Hapana zuri, hapana baya. Hata kupe anashikaka mbwa vile vile." Akacheka tena, akanirudishia daftari. "Inategemea unashika nini, na kwa nini hautaki kuachilia."

Nilimshukuru kwa magoti, kama tulivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nilisikia njaa. Mama alininunulia kitumbua, Zeki akala nusu yake, na mimi nikatembea kurudi nyumbani nikiimba moyoni: tenere, tenace, tenacious. Sikuogopa hata msitu.

Mvua haikutunyeshea sisi. Ilinyesha mbali, upande wa milimani, tukaisikia tu ikinguruma kama magunia yanayoburutwa. Tulipoufikia mto ilikuwa kama saa kumi jioni, na sikuutambua. Ule uliokuwa mweupe asubuhi ulikuwa sasa wa rangi ya chai ya maziwa, umejaa hadi kwenye magogo, na kila baada ya muda maji yalipanda juu yake, yakateleza upande wa pili. Ulikuwa ukibeba vitu: migomba, majani, kuku mfu.

Tulikuta wanaume wawili wenye baiskeli wamekaa upande wetu wakitazama. Mmoja alisema wao wanarudi kulala kambini kwa jamaa zao. Mama akawauliza kama maji yatapungua. "Maji usiyoyafika hujui wingi wake, mama," mwenzake akamjibu, wakageuza baiskeli, wakaenda. Tukabaki watatu na ule mngurumo.

Mama alitazama nyuma, msituni ilikotokea ile njia. Akatazama jua. Akatazama mto. Nilimwona midomo inatembea, najua alikuwa anasali. Nikiwa mtoto niliamini kwamba mzazi akiamua jambo huwa amejua litakavyoisha. Alikaza kitenge kiunoni, akasema kwa Kiha, kwa sababu Kiha ndiyo lugha yetu ya mambo ya kweli, "Mimi mbele. Editha, nitakushika wewe. Wewe mshike Zeki. Fata, mwana wanje." Shika, mwanangu.

Tulikwenda kwa hatua za kuburuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenibana kwenye kifundo cha mkono. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika wa Zeki, mdogo, wenye unyevu, ukinata mafuta ya kitumbua. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyofikiri, na magogo yalikuwa yakitetemeka chini ya nyayo zetu kama kitu kilicho hai. Sikutazama chini. Nilitazama kisogo cha mama.

Tulikuwa tumepita katikati Zeki alipoteleza. Sikumsikia akipiga kelele. Nilisikia tu bega langu linavutwa, nami nikapiga magoti juu ya gogo, kisha nikalala kifudifudi, kifua kwenye gogo na miguu majini. Mama alitupa mzigo wa unga uliobaki bila kuuzwa. Alikaa, akalipandia gogo kama mtu aliyepanda punda, akalibana kwa mapaja, na akanivuta. Mto ukamvuta Zeki. Mimi nikawa kamba katikati yao. Uso wa Zeki ulikuwa juu ya maji, macho wazi, kipara chake kinang'aa. Mama alikuwa akipiga kelele neno lile lile tena na tena, lakini maji yalikuwa yamejaa masikioni mwangu. Kiganja cha Zeki kilikuwa kinateleza. Nikafumba macho nikashika. Baada ya hapo kilichopo kwenye kumbukumbu yangu ni kwamba mkono wangu ulikuwa mtupu.

Nilifumbua macho nikaona sweta jekundu la Zeki likizunguka mara moja, likaingia chini ya kichaka, likapotea kwenye kona.

Sijui mama alinifikishaje ng'ambo. Najua alikimbia kando ya mto huku ananiburuta, akiita jina la Zeki kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Matete yalitukata. Nilikuwa na wazo moja tu, nalo lilijirudia kama mtu anayegonga mlango: nimemwachia, nimemwachia, nimemwachia.

Harufu ndiyo iliyotupokea kwanza. Ile chachu. Chini ya kona, pale mto unapopanuka, wanawake watatu walikuwa wameshuka kuokoa mihogo yao kwenye visima vya kulowekea kabla haijasombwa, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyeitwa Nyamwiza, alikuwa amesimama majini hadi kifuani akimkumbatia mtoto. Zeki alikuwa amenasa kwenye mafunjo. Walimlaza juu ya mihogo iliyotandazwa, myeupe, laini, wakamwinamisha, wakampiga mgongoni. Alikuwa wa kijivu. Nilisimama mbali. Niliogopa kusogea, kama vile nikimgusa nitamwangusha tena.

Akatapika maji ya mto, akatapika kitumbua changu, akakohoa, akafungua macho. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja kwa hasira. "Kandambili yangu iko wapi?" akauliza.

Wote wakacheka na kulia kwa pamoja. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa matopeni, anaitazama mikono yake.

Nyumbani baba aliuliza kimetokea nini. Nilijibanza ukutani nikisubiri mama aseme. Alichochea moto muda mrefu. "Mtoto aliteleza," alisema. "Mungu amemrudisha." Basi. Hakunitaja. Zeki alipata homa, akapelekwa zahanati, akarudi na vidonge. Mimi nilisubiri. Jumapili nzima nilisubiri mama aniite pembeni aniulize kwa nini niliachia. Kila aliponitazama aligeuza macho haraka, nami nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: alikuwa akinificha. Alikuwa ameona nilichofanya na alikuwa ameamua kunisitiri. Nawaambia kweli, heri angenichapa. Fimbo ina mwisho.

Jumatatu nilisimama paredi. Daftari langu lilikuwa limelowa, lakini sikulihitaji. Nilieleza maana zote: udongo, doa, homa, kichwa kisichosahau, mtu asiyekata tamaa. Nilieleza kwamba neno lilizaliwa kwenye Kilatini, kwenye kushika. Hata walimu wengine waligeuka kunitazama. Nukta aliinamisha kichwa kidogo, kitu ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiona.

"Sentensi," akasema.

Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri juu ya mkulima. Nilifungua mdomo, na iliyotoka kwa Kiingereza ilikuwa nyingine, kwamba mimi si tenacious. Shule nzima iliangua kicheko. Walidhani ni mzaha. Nukta hakucheka. Akasema sentensi haina kosa, rudi mstarini. Akagonga hewa kwa kidole chake kimoja.

Sikuvaa kibao. Niliendelea na shule, nikamaliza, nikafika chuo cha ualimu. Watu husema nilikuwa na bidii. Haikuwa bidii, ilikuwa hofu. Nilifanya kazi zote za nyumbani bila kuagizwa, nilimbeba Zeki mgongoni hadi alipokuwa mkubwa wa kuona aibu, sikuwahi kumjibu mama vibaya hata mara moja. Niliogopa kwamba siku nikimkasirisha, atalisema lile. Miaka tisa nilikaa na mama yangu kama mtu aliyepanga nyumba bila mkataba.

Mwanangu alipozaliwa, mama alikuja kunitunza uzazi. Asubuhi moja, wiki ya tatu hivi, nilikuwa nimekaa kitandani, nimemlaza mtoto mapajani, ameshika kidole changu kama wanavyoshika watoto wachanga, na nilitaka kuinuka. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Nilianza kukifungua kile kingumi taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Nikasikia maharage yamemwagika.

"Usifanye hivyo," mama alisema.

Nilimtazama. Alikuwa ameuachia ungo, macho kwenye kile kingumi.

"Mama, una nini?"

Akasema kwa Kiha, akitazama sakafu, "Nilikwambia rekura. Achia. Nilikwambia mara tatu, nne. Hukusikia. Mto ulikuwa unawachukua wote wawili na mapaja yangu yalikuwa yameisha nguvu. Wewe ulikuwa umemshika vile, umefumba macho, hukuachia. Nililala juu ya gogo nikaufikia mkono wako. Nikakufungua vidole. Kimoja kimoja."

Mtoto alikuwa ameanza kulia na hakuna aliyembembeleza.

"Zeki alikuwa ananiangalia," akaongeza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nilikuwa nakuona unavyofanya kazi, unavyonyamaza, nikasema moyoni: huyu aliniona. Anajua mama yake ni mtu wa namna gani. Ananisitiri." Aliinua uso, na nilimwona mzee ghafla. "Kila siku nilisema, leo ataniuliza."

Nilimuuliza, kwa ujinga, kama ingetokea tena angefanya vile vile. Mama alianza kuokota maharage, moja moja, akiyatia kwenye ungo.

"Usiniulize hilo, mwana wanje. Niulize kama nimelala tangu siku ile."

Nimelifikiria jambo hili sana kuliko ninavyofikiria mto wenyewe. Nilipokuwa mtoto nilidhani hofu ni ya wadogo, na wakubwa ndio wanaoogopwa. Kumbe katika nyumba ile ya vyumba viwili tulikuwa watu wawili, kila mmoja akitembea kwa kunyata mbele ya mwenzake, kila mmoja akiutafsiri ukimya wa mwenziwe kuwa ni msamaha asioustahili. Nami nilikuwa nimefundishwa maana zote za kushika, hata ya kupe, ila hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu anaweza kumwachia mtoto mmoja ili abaki na mmoja, na kwamba kazi ya kuendelea ndiyo huanzia hapo.

Siku ile nilishuka kitandani, nikaketi naye kwenye mkeka, tukaokota maharage pamoja mpaka yakaisha. Hatukuzungumza zaidi. Baadaye, mtoto alipolala, mama naye alijinyoosha pale pale mkekani, mkono chini ya shavu, akasinzia. Jua lilikuwa kali na nzi walikuwa wengi. Nilikaa kando yake nikimpungia kwa upande wa kanga, na hakuamka hadi alasiri.